Kamera ya Kemigisha na Muhoro wa Baba Yake

Picha ya kwanza ambayo Evangelina Kemigisha aliipenda maishani mwake ilikuwa ya kifua cha mama yake, nayo ilikuwa picha mbaya. Ilipigwa kwenye zahanati moja upande wa Karagwe, kwa mashine kuukuu iliyokoroma kuliko wagonjwa wenyewe, ikatoka na ukungu mtupu. Mganga aliiinua juu ya mwanga, akaigeuza huku na huku, akasema haoni kitu, mama akapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa nyumbani. Miezi saba baadaye mama huyo, Jovitha, alizikwa Songambele, katikati ya migomba ya mumewe, kama wanavyozikwa watu wa huko. Kemigisha alikuwa na miaka tisa.

Baba yake, Yustus Tumwine, aliitundika ile picha dirishani. Watu walimshangaa. Lakini picha nyingine ya mkewe hakuwa nayo, na mtu akikosa cha kukumbukia uso hukumbukia hata mbavu. Kila asubuhi jua lilipopanda, mbavu za Jovitha ziling'aa pale dirishani, na mtoto akazitazama akinywa uji. Alizitazama mwaka mzima, na mwaka wa pili. Siku moja, akiwa darasa la tano, akaweka kidole kwenye kioo.

"Tata, donge lilikuwa hapa," alimwambia baba yake.

Tumwine aliangalia pale kidole kilipo. Alichukua muhoro wake akaenda kwenye migomba, asirudi mpaka saa ya chakula cha mchana.

Huo muhoro inabidi niueleze, maana habari yote hii imekaa kwenye makali yake. Muhoro ni kisu cha kupogolea migomba, kimepinda ncha, na kila mwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, anao. Wa Tumwine alikuwa ameupewa na baba yake, mpini wa mti mgumu uliolika mpaka ukakaa sawasawa na kiganja. Katika ukoo wao kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote na hakuna aliyeyasahau. La kwanza, kibanja kina kisu kimoja. Mgeni akitaka kukata kitu humo, hata jani la kufungia chakula, hupewa kisu cha mwenyeji. Kuingia na chako ni kama kuingia jikoni kwa mtu na sufuria yako kwapani. La pili, muhoro wa mtu huingia motoni mara moja tu, siku ya kuzikwa kwake. Mrithi huuweka kwenye makaa, mpini wa marehemu ukaungua, kisha akauchongea mpini wake. Kuuchoma wakati mwenyewe angali hai ni kumwambia mchana kweupe kwamba umechoka kumngoja.

Tumwine alikuwa mtu mpole, asiyesema sana, na kibanja chake kilikuwa na mashina kama mia nne. Ukimuuliza habari za afya yake, alikujibu habari za migomba. Kemigisha alikuwa mtoto wake pekee. Baada ya Jovitha hakuoa tena, na ndugu walipomkumbusha kwamba binti ataondoka, alisema, "Aende. Mimi na migomba tupo."

Na kweli akaenda. Sekondari alifaulu fizikia mpaka walimu wakawa wanamkwepa kwa maswali yake. Chuo kikuu akasoma fizikia ya vitendo, ile ya watu wasioridhika kuijua kanuni mpaka waione imegeuka kifaa kinachoshikika. Kanisa likamsaidia kupata nafasi Ulaya, akaondoka akiwa na miaka ishirini na sita na sweta moja. Kazi aliyoipata huko ilikuwa kana kwamba imemngoja yeye: kutengeneza vifaa vya elektroniki vya kupigia picha vitu ambavyo jicho halivioni. Alianza kwa kutengeneza vipande vya kunasa mwanga, vidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Kimoja kikawekwa kwenye mashine za kutazama mapafu, kingine kwenye za kutazama nyuma ya mboni ya jicho. Jina lake liliandikwa kwenye hati tatu za uvumbuzi, mojawapo wakilikosea herufi. Wenzake walimwona mtu mcheshi anayefanya kazi kama anayefukuzwa. Hawakujua kinachomfukuza ni ukungu wa picha moja iliyotundikwa dirishani Songambele.

Miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo alirudi nyumbani mara mbili tu, mara zote kwa wiki mbili, na mara zote alitumia siku tatu kuzoea na siku tatu kuaga. Alimpigia baba yake simu kila Jumapili baada ya ibada. Tumwine aliongelea migomba, Kemigisha akaongelea baridi, kisha salio likaisha au wakajifanya limeisha.

Kilichomrudisha ni mnyauko. Ugonjwa huu wa migomba wengi wanaujua kwa machozi. Jani linakuwa la njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, na ukikata shina linatoka usaha wa njano. Wadudu huubeba kwenye ua la mgomba, lakini msambazaji mkubwa ni kisu, kinachotoka kwenye mgomba mgonjwa kikaingia kwenye mzima. Ubaya wake ni kwamba ukiuona kwa macho umechelewa. Kemigisha aliposikia neno hilo, kuchelewa, akaacha kazi. Kipande chake cha mwanga kilikuwa kinaweza kuona jani limeanza kuumwa wiki tatu kabla ya jicho la mkulima. Akakubaliwa kwenye mradi wa kilimo, akapanga vyumba viwili Rubwera karibu na ofisi za wilaya, na kwa muda wa mwaka mmoja akaunda kamera yenye ukubwa wa tofali. Ukiielekeza kwenye mgomba, mgomba mzima unaonekana kijani kwenye kioo, mgonjwa unaonekana mwekundu.

Pa kuijaribia palikuwa wapi kama si kwa baba yake? Jumamosi moja ya Februari akapanda bodaboda hadi Songambele, kamera kifuani kama mtoto.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

Tumwine aliishika, akaigeuza, akachungulia upande usiofaa. "Hii ingemwona mama yako?"

"Sio hii. Lakini dada zake, zile mashine za mapafu, zingemwona."

Mzee akatikisa kichwa, akamrudishia. Ndiyo mara ya pekee walipoongea juu ya jambo hilo.

Wakazunguka kibanja chote. Kwenye mashina mia nne, kamera ilionyesha mawili mekundu, pembezoni, karibu na njia. Mawili tu! Kwa macho yalikuwa mazima kabisa. Lakini kamera mpya ni kama mchumba mpya, huwezi kuipokea kwa maneno yake tu. Ilibidi akate kidonda kwenye shina gonjwa aone usaha, halafu akate shina la jirani ambalo kamera imesema ni zima, ahakikishe halina kitu. Ndivyo sayansi inavyotaka, mgonjwa na mzima, kila mara wawili wawili. Kemigisha akafungua mkoba, akatoa kiboksi cha visu vipya vya maabara.

"Acha hivyo barazani," Tumwine alisema kwa upole, akampa muhoro.

"Tata, tunawafundisha watu wachome kisu kwanza. Dakika moja na nusu tu kwenye moto."

"Wafundishe. Wangu utauchoma siku yangu."

Alisema akitabasamu. Kemigisha naye akatabasamu, akashika ule mpini uliolika, akakata. Usaha ukatoka. Akaufuta muhoro kwenye jani, akakata jirani yake. Safi kabisa. Kamera imesema kweli! Aliruka kama mtoto, na baba yake akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, ambayo nayo huua vijidudu. Akautumbukiza muhoro kwenye ndoo. Tumwine alisogea kwenye ndoo. Aliutoa, akaunusa, akaufuta taratibu kwenye suruali yake, na chakula chote cha mchana hakuinua uso. Basi Jumamosi ya tatu ile chupa ikabaki ndani ya mkoba, na ya nne ikabaki Rubwera. Kemigisha alijiambia yale mashina mawili yameshang'olewa na kufukiwa, kwamba anafuta vizuri, kwamba ni leo tu. Mimi simtetei. Mtu aliyewasimamia wakulima wa wilaya nzima juani, akiwaambia wachome visu vyao, alishindwa kumwambia mzee mmoja. Lakini pia simcheki, maana najua wachache tu miongoni mwetu wanaoweza kumwambia baba yao kwamba kisu chake ni kichafu.

Zikawa Jumamosi nzuri kuliko zote alizowahi kuishi. Alifika saa tatu asubuhi, wakanywa chai, wakaingia kwenye migomba, yeye akipiga picha na mzee akimshikia daftari. Kila shina lilipewa namba, na kila wiki alikata moja au mawili yaliyo mazima, hata katikati ya kibanja, kuhakikisha kamera haidanganyi. Tumwine alijifunza kusema "picha ya mwanga usioonekana" na akawa anaisema hata kanisani. Mchana walikula matoke na maharage, na mzee akamsimulia mambo ya mama yake ambayo kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kuyatamka: jinsi Jovitha alivyoimba akipepeta, jinsi alivyoogopa ng'ombe ilhali amezaliwa kwa wafugaji. Kuanzia Aprili kamera ikaanza kuonyesha mashina mengine mekundu. Matano. Kumi na moja. Kemigisha aliyakata, akakata na ya jirani, akayaandika. Aliumia, lakini hata mtu anayeumia huweza kufurahia kazi inayokwenda vizuri, na kamera haikukosea hata mara moja.

Mwezi wa sita akaja Mackrine, mama wa kibanja cha jirani, mjane asiyejua kuzungusha maneno. Alisimama njiani, khanga kiunoni.

"Kemigisha, nikuulize. Tangu huo mtambo wako uingie humu, migomba ya mzee inakufa. Hauna miale huo?"

"Hapana, shangazi. Kamera haitoi kitu, inapokea tu mwanga. Haiwezi kuutia mgomba ugonjwa, kama jicho lako lisivyoweza."

"Mh. Jicho nalo linaua, watu wanasema."

Kemigisha alicheka, akamweleza tena kwa upole, kwa mifano, kama alivyozoea. Mackrine akasikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Kisha akaondoka akilikwepa jani la mgomba wa Tumwine lisimguse bega.

Kufikia Agosti kibanja kilikuwa kimelala. Mashina yaliyobaki yalihesabika kama meno ya mzee. Na ndipo Rubwera wakaitisha kikao cha maofisa kilimo, ili Dokta Kemigisha aonyeshe kamera yake, ambayo sasa ilitajwa kila mahali kwamba haijawahi kukosea. Siku mbili kabla ya kikao, asubuhi, aliketi ofisini akazipanga picha zote za Songambele kwenye kompyuta, Jumamosi kwa Jumamosi, ili zionekane zikifuatana. Alitaka maofisa waone jinsi ugonjwa unavyotembea.

Ukatembea. Alama nyekundu zilianza mbili pembezoni, kisha zikachipuka katikati, mbali kabisa, ambako mdudu asingerukia. Akarudisha nyuma, akaangalia tena. Akachukua daftari lile alilokuwa akishika baba yake, lenye mwandiko wa mzee wa herufi kubwa kubwa: namba ipi imekatwa, tarehe gani, ilikuwa nzima au gonjwa. Mashina mazima aliyoyakata kwa ajili ya kulinganisha yalikuwa thelathini na moja. Ishirini na tisa yalikuwa mekundu wiki chache baada ya kukatwa, na kutoka kwenye hayo ugonjwa ukaenea kwa majirani zake. Yale ambayo hakuyagusa, yaliyokuwa upande wa choo, ndiyo yaliyosimama mpaka leo.

Alikaa pale akitazama kioo. Maisha yake yote alitaka chombo kisicho na ukungu, chenye kuonyesha ugonjwa ulipo bila kumwonea mtu haya. Sasa alikuwa nacho, na kilimwonyesha mkono wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na ilibidi asafiri mpaka Ulaya akaunde kamera ndipo akione. Angekata yale mawili ya kwanza akauchoma muhoro, baba yake angepoteza migomba miwili.

Hakungoja Jumamosi. Alipanda bodaboda siku hiyohiyo, kompyuta mgongoni. Tumwine alikuwa barazani anamenya ndizi, na kwenye mfuko wa plastiki miguuni pake zilibaki nyingine. Zilikuwa za kununua, zimeletwa kutoka Kihanga. Katika miaka sabini na minane ya uhai wake, mzee huyu hakuwahi kula ndizi ya kununua. Kemigisha aliuona ule mfuko, akashusha kompyuta mgongoni.

"Leo Jumatano," Tumwine alisema. "Kuna msiba?"

"Shikamoo, tata. Ni mimi."

"Naona ni wewe."

"Ni mimi niliyeua kibanja." Akafungua kompyuta, akaiweka juu ya kigoda, akamwonyesha picha na daftari, namba kwa namba, akilia. "Nilikuwa nakata mgonjwa kisha nakata mzima. Kila Jumamosi. Nilijua, tata. Nilikuwa najua kisu kinabeba, nikaona haya kukwambia tena."

Tumwine hakuitazama kompyuta. Aliendelea kumenya ile ndizi mpaka ikaisha, akaiweka kwenye maji.

"Wewe unakata kwa mkono wa kushoto," alisema. "Kidonda chako kinaelekea juu, cha kwangu kinaelekea chini. Nimezaliwa humu, Kemigisha. Mgomba wa kwanza kufa katikati ulikuwa na kidonda cha kuelekea juu. Na wa pili. Na wa tatu."

"Ulijua?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee aliosha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akaifuta kwenye suruali.

"Miaka kumi na tisa hukuja. Sasa ulikuwa unakuja kila Jumamosi. Nilisema moyoni, nikimwambia ataona aibu, na mtu mwenye aibu haji. Migomba huoteshwa tena. Halafu na mimi nilikuwa na kisu, mwanangu. Ningeweza kukichoma mwenyewe usiponiona. Usiku mmoja nilikichukua mpaka kwenye mafiga. Nikaogopa. Mzee mzima, nikaogopa kufa."

Kemigisha akawasha moto, ndizi zikaiva. Walikula. Zilikuwa ndizi nzuri tu, ndizi za watu, na wote wawili walizisifu zaidi ya kiasi.

Kwenye kikao Kemigisha alizionyesha picha zote, akawaambia maofisa ni nani aliyeshika kisu. Ofisa mmoja akauliza kamera itapatikana lini kwa wakulima wengine, wakaendelea na hilo. Jumamosi alikwenda Songambele kama kawaida, na zilizofuata zote. Waling'oa mashina yaliyokufa, wakafukia, wakapanda maharage na mahindi ili udongo upumzike kabla ya kuotesha migomba mipya. Mzee aliinama na kuinuka kwa taabu. Miche safi alikuwa ameiagiza kwa ajili ya masika, na kila wiki aliuliza kama imefika.

Haikumkuta. Alifariki mwanzoni mwa Machi, alfajiri, moyo tu umesimama. Alizikwa kando ya Jovitha, mahali ambapo zamani huwezi kuona mbingu kwa majani, na siku hiyo jua liliwachoma waombolezaji vichwa vyote. Hata majani ya kutandika waketi hayakuwepo. Mackrine aliyaleta mzigo kichwani kutoka kwake, akayashusha, akamkumbatia Kemigisha kwa muda mrefu, wala hakukumbusha neno lolote alilowahi kusema.

Mazishi yalipokwisha, wazee wa ukoo walishauriana. Mrithi ni mwanamke, jambo hilo halikuzoeleka, lakini marehemu alikuwa ameacha neno. Makaa yakaletwa kwenye kigae. Wakamkabidhi muhoro.

Kemigisha aliupokea kwa mikono miwili. Kiganja chake kilipata lile bonde la kiganja cha baba yake kwenye mpini, akalishika mpaka wazee wakaanza kukohoakohoa. Kisha akapiga magoti akauweka kwenye makaa. Mpini ukatoa moshi, ukashika moto. Chuma kikaanza kubadilika rangi kuanzia kwenye ncha, na yeye, kwa mazoea tu ya maabara, akajikuta anatazama saa yake ya mkononi.

Ilipotimia dakika moja na nusu alijua kwamba muhoro wa baba yake ulikuwa umetakata, hauna tena kijidudu hata kimoja. Wazee walimwambia autoe. Hakuwasikia, na Mackrine ndiye aliyeinama akamshika mkono.